Kisu kidogo cha kiunoni: namna ya kukichagua, kukipima na kukinoa

Msimu mmoja wa mvua nilipita kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Iringa, nikamkuta mgema yuko kwenye mianzi yake ya ulanzi, ile pombe ya mwanzi. Kazi hiyo ni ya asubuhi na jioni. Chipukizi la mwanzi limeshakatwa kichwa, na kila zamu mgema anaondoa kipande kingine chembamba kama karatasi ili utomvu uendelee kudondoka. Kisu chake kilikuwa kifupi kuliko kiganja chake, chembamba, kimelika kwa kunolewa hadi mgongo na makali vinakaribia kukutana. Kilipita kwenye mwanzi bila sauti.

Mimi kiunoni nilikuwa na dude. Jeusi, unene wa milimita sita, mgongo una meno kama msumeno. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaomba alione. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, akalipimapima mkononi, akanirudishia kwa adabu. "Mwanangu, hiki cha kuchimbia mihogo?"

Nilicheka, lakini usiku ule ule nilijaribu kumenya viazi kwa lile dude. Kiazi kilikuwa kinapasuka "ka!" kabla makali hayajafika katikati, kwa sababu bapa nene halikati, linatanua kama kabari inayopasua gogo. Parachichi lilipondeka. Haya ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu aniambie kabla sijatoa hela yangu.

Anza na kazi

Kwa wiki moja, kila unapotamani kisu, andika unataka kukata nini. Orodha yangu ilikuwa hivi: kamba ya katani, mdomo wa kiroba, gundi ya maboksi, ndizi, parachichi, nyanya, nyama ya kuchoma, mambo (vigingi) za hema, vijiti vya kuwashia moto. Hakuna mti wa kuangusha. Huku kwetu panga lipo kila nyumba, na ukipiga kambi porini mmoja wenu atakuwa nalo. Kwa hiyo kazi za panga muachie panga. Anayetaka kisu kimoja kifanye yote mawili hupata kisu kizito kisichomenya na panga fupi lisilokata.

Nazungumzia kisu kisichokunjwa, chenye ala. Cha kukunja ni kizuri mfukoni mjini, sibishi. Ila nenda hifadhi ya Kitulo mwezi wa sita au wa saba, kule juu kwenye mita 2,600 hivi, ambako alfajiri majani yanaweza kuamka na barafu. Vidole vimekufa ganzi, halafu ujaribu kufungua kisu kwa kucha. Tena maungio yake yanaficha unga, magamba ya samaki na udongo, na kuyasafisha vizuri ni kazi ya dakika kumi na mswaki mkuukuu. Kisu kizima unakisuuza, unakifuta, umemaliza.

Urefu

Hapa sitakaa sana. Bapa la sentimita 8 hadi 10 linatosha kila kitu nilichokitaja. Chini ya 7 utahangaika kukata mkate au kupasua kuni ndogo. Ukizidi 12 kinakuchoma mbavu ukikaa kwenye daladala, na watu wanaanza kukutazama vibaya.

Unene, hapa ndipo wengi tunapotea

Muuzaji akikupa kisu atakwambia, "Angalia kilivyo kinene, hiki hakivunjiki." Kweli hakivunjiki, lakini pia hakikati. Kwa kisu kidogo cha matumizi ya kila siku tafuta mgongo wa milimita 2 hadi 3. Nne ni mwisho kabisa, na hapo uwe na hakika kwamba bapa linapungua vizuri kuelekea kwenye makali.

Unene wa mgongo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine iko juu kidogo ya makali. Libane bapa kati ya kidole gumba na cha shahada karibu na mgongo, kisha teremsha vidole taratibu kuelekea kwenye makali, ukiacha nafasi ili usijikate. Vidole vinapaswa kuhisi chuma kikikonda njia nzima. Kama kinabaki kinene mpaka karibu na mwisho, halafu ghafla kuna kijiteremko kifupi kama ukingo wa paa, hicho kitakuwa kigumu kukata hata kikiwa kimenolewa kama wembe.

Kuna muundo mmoja wa watu wa Skandinavia ambao nampendekezea anayeanza: mteremko mmoja mpana unaoanzia katikati ya bapa na kushuka moja kwa moja mpaka kwenye makali, bila mteremko mwingine mdogo mwishoni. Uzuri wake ni kwamba unapokinoa unalaza mteremko huo wote juu ya jiwe na jiwe lenyewe linakuonyesha pembe. Visu vya mji wa Mora, kule Sweden, vimejengwa hivyo: bapa la sentimita 10 hivi, wembamba wa milimita 2 na ushee, mpini wa kawaida usio na mbwembwe. Kama una ndugu anarudi kutoka Ulaya, ni zawadi nzuri kuliko perfyumu. Lakini mhunzi wa hapa anaweza kukutengenezea cha namna hiyo hiyo ukimchorea kwenye karatasi.

Ncha na mgongo

Chagua ncha inayoshuka kidogo kutoka mstari wa mgongo, ikutane na makali karibu na usawa wa katikati ya mpini. Ncha ya hivyo ina nguvu na unaiongoza kwa urahisi. Ncha ndefu iliyochongoka kama sindano inapendeza dukani, kisha inavunjika siku ya kwanza utakapoitumia kufungulia kopo la rangi. Mgongo uwe tambarare, bila meno. Meno ya msumeno mgongoni yanakuzuia kuweka kidole gumba hapo unapotaka kusukuma, na yanaharibu ala. Sijawahi kumuona mtu akikata gogo nayo.

Msuka na mpini

Msuka ni ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Kwenye visu hafifu msuka ni kijiti kifupi kilichogongwa ndani ya plastiki, na ukikibinya kisu ubaoni kwa upande mpini unacheza. Bora ni msuka unaokwenda hadi mwisho wa mpini kwa upana wote, umebanwa na vipande viwili vya mti kwa ribiti. Msuka mwembamba uliofichwa ndani nao unafaa, mradi uingie angalau robo tatu ya urefu wa mpini. Muulize muuzaji. Asipojua, gonga kitako cha mpini kwenye meza usikilize: uliojaa unatoa mlio mmoja mfupi, wenye uwazi unatoa mlio wa debe.

Mpini wenyewe upime kwa mkono wako. Vidole vinne viingie vyote na nafasi ibaki kidogo. Kwa wengi ni sentimita 10 hadi 11 na nusu. Kishike kwa nguvu, kama unayechonga, kwa dakika nzima, kisha fungua kiganja utazame. Mahali palipo na alama nyekundu ndipo patakapoota lengelenge ukichonga nusu saa. Mpini mzuri ni wa duara refu kama yai lililobanwa, ili hata gizani mkono ujue makali yako upande gani.

Halafu ulowanishe mkono. Ndiyo, pale pale dukani. Mimi huwa na chupa ya maji. Mvua ya Tukuyu haiombi ruhusa, na mafuta ya nyama yanateleza kuliko maji. Angalia kama pana kituta kidogo kati ya mpini na makali kinachozuia kidole kuserereka mbele. Nina kovu kwenye kidole cha shahada kwa sababu ya kisu kizuri sana cha mpini uliong'arishwa kama fanicha, usio na kituta hicho.

Kwa mti, mninga ni rafiki mkubwa: haubadiliki umbo sana kwa unyevu na unachongeka. Mpingo ni mgumu na wa kudumu ila mzito. Msindano (paini) wa kule Sao Hill acha uwe mbao za kenchi, kwenye mpini wa kisu utabonyea. Plastiki ngumu yenye mikwaruzo haina sura, lakini haiozi.

Chuma chenyewe

Kuna makundi mawili. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu nyingi, kwenye visu mara nyingi asilimia 13 au zaidi. Chuma cha kaboni hakina kinga hiyo. Kinanoleka haraka, kinashika makali makali sana, lakini ukikata limao na kukisahau, jioni kina madoa. Utomvu wa ndizi za Rungwe unakitia weusi kabisa. Weusi huo si kutu, ni ngozi tu ambayo chuma kinajivika, na ukishatulia unasaidia kuzuia kutu nyekundu. Anayeishi Tukuyu au Kyela, au anayevua samaki Matema, namshauri achukue kisichoshika kutu. Wa Makambako, Iringa mjini au Mbarali kwenye ukavu, na anayependa kunoa, achukue cha kaboni.

Usidanganywe na sumaku. Watu wanasema eti kisu kikinaswa na sumaku si "stenilesi". Si kweli. Chuma cha visu kisichoshika kutu kinanaswa vizuri tu. Ambacho mara nyingi hakinaswi ni kile cha sufuria na vijiko, na hicho kwa kisu hakifai kwa sababu hakiwezi kupewa ugumu.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni tupa ndogo. Omba ruhusa, kisha ipitishe taratibu kwenye makali, karibu kabisa na mpini ambako hapaharibu kitu. Tupa ikiteleza kwa mlio mwembamba kama kioo, chuma kina ugumu. Ikishika na kutoa unga, chuma ni laini na kitakuwa butu kabla hujamaliza debe la viazi. Ukikataliwa kupima, angalia basi rangi: ukiona bluu au zambarau kwenye makali, fundi alikiunguza kwenye mashine ya kusagia na pale ugumu umeondoka.

Sasa mhunzi. Ukanda huu wetu wa Nyanda za Juu Kusini si mgeni wa chuma. Jirani zetu Wafipa wa Rukwa waliyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo, malungu, muda mrefu kabla ya meli kuleta visu vya dukani. Leo mhunzi anatumia springi za gari, na hicho ni chuma kizuri, chenye kaboni ya kutosha kushika makali na unyumbufu wa kutovunjika. Tatizo ni moto. Springi iliyofuliwa vizuri kisha ikaachwa ipoe yenyewe ni laini kama msumari. Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize. Mhunzi mmoja ninayekwenda kwake alinijibu hivi:

"Nakiwasha mpaka sumaku inakikataa, naongeza moto kidogo, nakizamisha kwenye mafuta."

"Na maji, mzee?"

"Maji yanakipasua. Ukisikia 'ti' ndani ya ndoo, jua umeanza upya."

"Baadaye?"

"Nakirudisha kwenye joto dogo mpaka kiwe rangi ya majani makavu. Bila hapo kitakatika kama kigae."

Ukipata mhunzi anayekueleza hatua hizo tatu bila kusitasita, mwagizie. Sumaku huacha kukishika chuma kwenye nyuzi 770 hivi, na ile rangi ya majani makavu hutokea karibu na nyuzi 200 na kidogo. Yeye hana kipimajoto lakini macho yake yanatosha. Mpe vipimo kwa maandishi: bapa sentimita 9, mgongo milimita 3, msuka mpaka mwisho. Usipoandika unene atakufanyia panga dogo, kwa nia njema kabisa.

Kama hela ni ndogo, nunua kisu kifupi kizuri cha jikoni, kiwe chembamba na chenye ribiti, kisha umpelekee fundi viatu akushonee ala. Kisu cha namna hiyo kimenihudumia miaka miwili kambini, hakuna aliyekisifu na hakuna kazi iliyokishinda, isipokuwa kupasua kuni.

Ala

Ala mbovu ni hatari kuliko kisu butu. Weka kisu ndani, geuza mdomo wa ala chini juu ya kitanda, tikisa. Kikidondoka, rudisha. Ya plastiki ngumu iwe na tundu chini maji yatoke. Ya ngozi iwe na unene wa milimita 3 hivi, na mwambie fundi viatu aweke ukanda mwembamba wa ngozi katikati ya kingo mbili kabla hajashona, ili makali yapumzike kwenye ukanda huo badala ya kukata uzi. Mafundi wengi wanaruka hatua hiyo wasipoambiwa, na baada ya miezi mitatu makali yanachungulia kwenye mshono.

Kivae upande wa mkono unaotumia, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Ukipanda bodaboda kivue ukiweke ndani ya begi. Pikipiki ikianguka, hutaki kitu kigumu kati ya kiuno chako na lami.

Mjini, hifadhini, safarini

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inakataza kutembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Kisu kidogo ndani ya begi pamoja na sufuria na viazi kinajieleza chenyewe. Kisu kinachoning'inia nje ya shati Mwanjelwa, jijini Mbeya, saa mbili usiku ni mazungumzo mengine na askari. Ukienda Kitulo, Ruaha au Udzungwa, kitaje kisu langoni kabla hujaulizwa na ufuate utakachoambiwa, maana sheria za hifadhi ni kali kuhusu silaha na zana za kuwindia. Uwanja wa ndege wa Songwe kiweke kwenye mzigo unaokabidhiwa. Kwenye begi la mkononi watakichukua.

Siku ya kwanza kambini

Kabla ya kukitegemea, kipeleke mahali pa karibu. Mimi huenda chini ya mlima Loleza. Chonga kijiti mpaka kitoe nyuzi zilizojikunja kama manyoya ya kuku. Ndivyo unavyopata kiwashio wakati kila kitu kimelowa. Kuni ya mvua huwa imelowa nje, ndani mara nyingi ni kavu. Kuipasua, simamisha kipande kisichozidi unene wa mkono wa mtoto, weka makali juu yake, ugonge mgongo wa kisu kwa kipande kingine cha mti. Usitumie jiwe wala nyundo.

Chonga ukielekeza makali mbali na mwili, na kamwe usichonge katikati ya mapaja yako ukiwa umekaa. Pale ndani ya paja unapita mshipa mkubwa, na kuteleza mara moja kunatosha. Chonga kwa upande, nje ya goti. Ukijikata kidole, kandamiza kwa kitambaa safi dakika kumi kwa saa, bila kufungua kuchungulia. Ukichungulia unaanza kuhesabu upya. Damu inayoruka kwa mapigo ni ya hospitali: endelea kukandamiza njia nzima.

Kunoa

Nunua jiwe lenye pande mbili, moja la kukwaruza na moja laini. Likikosekana, bandika msasa wa namba 400 kwenye ubao ulionyooka, na wa 1000 kwenye mwingine. Lowanisha. Kama kisu ni cha mteremko mmoja mpana, ulaze mteremko wote, basi. Kama ni cha kawaida, unataka pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande: kwa bapa lenye upana wa sentimita 2 na nusu, mgongo uinuke milimita 8 au 9 juu ya jiwe. Kata kabari ya mbao ya kimo hicho uiweke ubavuni mwa jiwe mpaka mkono uzoee.

Paka makali wino wa maka peni, pitisha mara tatu, tazama. Wino ukitoka juu tu, umelaza mno. Ukitoka kwenye ncha ya makali tu, umeinua mno. Noa upande mmoja, usibadilishe, mpaka upande wa pili uhisi kijinywele cha chuma kinachokwaruza kidole urefu wote wa makali. Wanaoshindwa kunoa, kosa lao karibu daima ni hili: wanageuza kisu kabla kijinywele hakijatokea. Kikishatokea, geuza, fanya vivyo hivyo, hamia upande laini wa jiwe, punguza nguvu kila mara. Malizia kwa kukiburuta kinyumenyume, makali yakifuata nyuma, kwenye upande wa ndani wa mkanda wa ngozi mara ishirini. Jaribu kwenye nyanya iliyoiva. Kwa uzito wake peke yake, bila kusukumwa, kisu kinapaswa kuzama kwenye ganda.

Wazee wengine wananolea kwenye kitako cha bakuli la udongo, ule mduara usio na rangi ya kung'aa. Inafanya kazi, niliwahi kuitumia Matema nilipolisahau jiwe nyumbani.

Kukilaza

Kioshe, kikaushe, kisha kipake mafuta kidogo kama ni cha kaboni. Mafuta ya alizeti yakikaa muda mrefu yanakuwa kama gundi, kwa hiyo mimi natumia ya nazi, ambayo pia hayana shida kugusa chakula. Kwa baridi ya Mbeya asubuhi utayakuta yameganda ndani ya kichupa. Chota kwa kucha, yayeyushe kiganjani, upake. Na kisu kisilale wiki nzima ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi inanywa unyevu na kuurudisha kwenye chuma. Ala itundike msumari wake, kisu kiviringishwe kwenye kitambaa kikavu, kwenye droo ya juu ambayo watoto hawaifikii.